Leso Moja ya Darasa la Tano

Ukimwona leo hutaamini kwamba aliitwa Sindano kwa sababu ya wembamba. Kiti chake cha kazini kimeshabadilishwa mara kadhaa, na kila kipya kinakuja kipana kuliko kilichotolewa. Mwili ulinenepa, jina likagoma. Watoto wa mtaani wanamwita Bibi Sindano, wateja wanamwita Fundi Sindano, na mumewe akitaka kuongezewa chai anamwita Sindano wangu, tena kwa sauti laini mpaka unamwonea huruma.

Anashona sare za shule. Chumba chake cha kazi kina mlango mmoja, meza ya kukatia iliyoliwa pembeni na mikasi, cherehani ya miguu ambayo haruhusu makalio mengine kuikaribia, na kamba yenye sketi za buluu na kaptura ambazo wenyewe wameapa watazifuata kesho. Kila sare inayotoka pale inatoka na leso nyeupe mfukoni, ile ndogo ya kupengea kamasi, yenye pindo jekundu. Haiulizwi bei, ni zawadi ya fundi. Na ukutani kuna picha moja tu, ya zamani, nyeusi na nyeupe: watoto wamesimama mstarini wameinua vipande vyeupe juu ya vichwa.

Mteja mgeni haachi kuuliza, "Fundi, hapa mlikuwa mnasalimu amri?"

Basi amekwisha. Sindano anaondoa mguu kwenye cherehani, anageuza kiti, na ujue sare ya mwanao haiishi leo.

Enzi hizo, anaanza, shule ilikuwa shule. Watu wa rika lake wote husema hivyo, na ukiwauliza maana yake, wanakuhadithia viboko. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye nguzo, ikigongwa kwa kipande cha chuma. Kalamu ilichovywa kwenye wino, na wino uliishia kwenye shati la aliyekaa mbele yako. Miguu ilikuwa peku na magoti hayakukosa kidonda.

Naye Sindano alikuwa mtundu. Siyo utundu wa kusingiziwa, ule wenyewe. Aliwahi kumtia mjusi ndani ya boksi la chaki, mwalimu wa hesabu akafundisha kipindi kizima akiwa juu ya kiti. Aliwahi pia kuwashonea sketi pamoja wasichana wawili waliokaa dawati moja wakipiga umbea. Kengele ilipolia wakainuka pamoja na kuanguka pamoja, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kumvuta. Baada ya kila kituko alirudishwa nyumbani akamlete mzazi, na mzazi alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache, ambaye ilibidi afunge kazi na kwenda kusimama mbele ya mwalimu akitikisa kichwa.

Siku ya sketi, baba yake alimkalisha kwenye kigoda cha wateja.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi shingo imechoka kutikisa. Ukirudishwa tena, iwe kwa mjusi, iwe kwa uzi, iwe kwa kupiga chafya vibaya, shule basi. Utakwenda kwa shangazi yako kulea mapacha."

Haikuwa mikwara. Shangazi, dada wa baba, alikuwa amejifungua mapacha waliolia kwa zamu: mmoja akinyamaza anampokeza mwenzake. Kila alipokuja kutembea alikuwa akimshikashika Sindano mikono, akisema, "Hii mikono itafaa, kaka. Mbona inakaakaa tu hapa?" Sindano akisikia hivyo damu inamwenda mbio. Si kwamba alipenda hesabu, hapana, hesabu anazichukia mpaka leo. Alipenda watu. Shuleni alikuwa na darasa zima la kulifanyia vituko, na kwa shangazi angekuwa na wawili tu, tena hawana hata meno.

Sasa akaletwa Mwalimu Darubini. Alikuwa kijana, kapera, mwembamba, na miwani yake ilikuwa mizito kiasi kwamba ukimtazama unaona macho mawili makubwa yanakutazama peke yake. Akipita mbele yako aliona uchafu ambao wewe mwenyewe hukujua kama unao. Jumatatu yake ya kwanza alisimama mbele ya mstari akatangaza kwamba kuanzia wiki inayofuata kila mwanafunzi awe na leso nyeupe mfukoni.

"Asiye nayo," akasema, "anarudi nyumbani."

Sindano alikwenda kumwomba baba yake leso. Baba akamtazama, akamwambia mkono wa shati uko karibu na pua, autumie huo. Nyumba nzima haikuwa na kitambaa cheupe. Kulikuwa na ngozi, nyuzi za kushonea viatu, na koti kuukuu la baba, ambalo kwa ndani, mfukoni, lilikuwa na bitana nyeupe. Nadhani umeshaelewa. Sindano aliukata mfuko ule usiku baba akiwa hayupo, akaukunjua, akaupinda pembeni kwa uzi wa mama yake, na mama alikuwa na uzi mmoja tu, mwekundu. Ikatoka leso nzuri, yenye pindo jekundu lililopinda hapa na pale. Baba aliendelea kuvaa koti lake, akatia funguo mfukoni, zikatokea chini, na mpaka anaingia kaburini aliamini amerogwa.

Jumatatu ikafika. Sindano yuko mstarini, leso yake iko mfukoni, kifua mbele. Aliyefuata baada yake alikuwa mvulana mmoja anaitwa Kobe, kwa sababu ya mwendo wake. Kobe alikuwa analia kimyakimya. Hana leso, na kwao hawana hata koti. (Huyu Kobe, nikwambie mapema usije ukashtuka baadaye, ndiye aliyekuja kumwoa Sindano. Leo ni fundi saa. Anatengeneza saa za watu mpaka zinakwenda sawasawa, na mwenyewe hajawahi kufika popote kwa wakati.)

Ukaguzi wa Darubini ulikuwa na mpangilio wake, na mpangilio ndio uliomponza. Akifika mbele yako anasema, "Kucha!" Unanyoosha mikono mbele. Kisha, "Mikono nyuma! Meno!" Unarudisha mikono mgongoni, unainua kidevu, unaachama. Halafu, "Leso!" Unaitoa, anaitazama, unasema, "Ipo, mwalimu," anasogea kwa mwingine. Sindano alipomaliza kukaguliwa, akamwona Darubini amezama ndani ya mdomo wa Kobe akihesabu meno, na mikono ya Kobe iko mgongoni, wazi, haina kazi. Akaitazama ile mikono. Akaitia leso yake humo.

"Leso!"

Kobe akaitoa. "Ipo, mwalimu," akasema, naye mwenyewe akashangaa kuiona.

Hapo mambo yakafunguka. Kufikia Jumatatu iliyofuata darasa la tano lote lilikuwa na leso moja, na wale wachache waliokuwa nazo waliacha kuzileta, maana ilionekana ni ushamba. Leso ilianzia mwanzo wa mstari ikasafiri migongoni, kutoka mkono hadi mkono, ikitokeza mbele kila ilipoitwa. Mmoja aliikunja pembetatu, mwingine akaiviringisha, mwingine akaitoa nusu mfukoni, ili isifanane. Sheria ilikuwa moja tu: nyekundu ndani. Pindo lisionekane. Sindano mwenyewe akahamia mkiani kabisa mwa mstari, ili ikimaliza ziara aipokee na kwenda kuifua, na Kobe akasimama mbele yake, wa mwisho kabla ya mwisho. Darubini akawa anampelekea mwalimu mkuu taarifa kwamba darasa la tano ni safi, mfano wa kuigwa.

Ndipo akaja mkaguzi wa shule.

Alikuja Jumatatu, kwa gari, na kamera shingoni, na masharubu ya mvi yaliyochanwa vizuri. Na alikuja na mafua. Yalimshika kweli, macho yanachuruzika, pua inawaka, leso yake mwenyewe ilishalowa ikawa haina msaada. Akafuatana na Darubini mstari mzima, mwalimu mkuu nyuma yao akitabasamu kwa meno yote. Kucha, meno, leso. Kucha, meno, leso. Migongoni kitambaa kinakimbia. Kikamfikia Kobe.

Sasa Kobe kukunja kitu kulimchukua muda hata siku asizokuwa na mgeni. Siku hiyo hakuwahi kumaliza, na Darubini aliposema "Leso!" aliitoa kama ilivyo, wazi, imening'inia, pindo jekundu pande zote.

Mkaguzi hakungoja. Chafya ilikuwa njiani.

"Niazime, mwanangu!" Akaipokonya, akapiga chafya tatu zilizoamsha ndege juu ya paa, akapenga, akafuta masharubu. Alipopata pumzi akaitazama. Akaigeuza.

"Ee! Pindo limeshonwa kwa mkono. Nani kakushonea?"

Kobe akamtazama Sindano. Sindano akatazama mawingu. "Zote ziko hivyo, bwana mkaguzi," Kobe akasema. Mpaka leo hajui kwa nini alisema vile.

"Zote? Darasa zima?" Mkaguzi akamgeukia mwalimu mkuu. "Kumbe nyinyi mna leso za sare! Nimezunguka shule nyingi, sijaona kitu hiki."

Mwalimu mkuu alikuwa hajui kitu, lakini sifa aliijua ikimjia. Kichwa kikamvimba palepale. "Ndiyo, bwana mkaguzi," akasema. "Ni mpango wetu."

"Basi twende nikanywe chai nipooze koo, kisha nataka darasa hili lote liinue leso zake juu, nipige picha. Hii itazunguka wilaya nzima." Akaitia leso ya Sindano mfukoni mwake, na kwa hali iliyokuwa nayo hakuna aliyeidai.

Mwalimu mkuu alibaki nyuma kidogo, akamnong'oneza Darubini, "Huu mpango tuliuanza lini?"

"Sijui, mkuu."

"Nikirudi na mgeni, uwe umeshaanza."

Darubini aliingiza darasa ndani, akafunga mlango. "Leso zote juu ya dawati," akasema. Hakuna aliyesogea. Nzi alipita, wote wakamsikia.

"Yaani kila Jumatatu," akasema polepole, "nimekuwa nikikagua leso moja?"

Darasa likajibu kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuimba waliyofundishwa, "Ndiyooo, mwalimuuu!"

Darubini akavua miwani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, ya mtoto, na kwa mara ya kwanza wakaona kwamba naye ana mtu anayemwogopa. "Ya nani?" Shingo zote zikageuka upande mmoja, bila hata kuambizana.

"Sindano. Chukua mfuko wako. Rudi nyumbani."

Hapo utani ukaisha. Sindano alisimama. Alimwona baba yake anafunga kazi kimya, hatikisi hata kichwa. Aliona nguo zake mbili zimefungwa, mapacha wanapokezana, na shangazi anamwonyesha beseni la nepi. Alichukua mfuko, akafika mlangoni, akashika komeo. Machozi yalikuwa yameshafika, lakini akili yake nayo haikuwahi kulala siku hata moja.

"Mwalimu, naomba kusema."

"Sema huku unatembea."

"Nikiondoka, hizo leso za bwana mkaguzi atazitengeneza nani?"

Kutoka ofisini ikasikika chafya, na kijiko kikikoroga kikombe.

"Utashona leso za watu wote hawa kwa kikombe kimoja cha chai?"

"Hakuna kushona, mwalimu. Tunachana. Kitambaa cheupe ukikianzisha vizuri kinachanika chenyewe kwa mstari. Shuka moja tu linatosha."

"Shuka la nani?"

Dirisha la darasa lilitazama nyumba za walimu, na nyuma ya nyumba ya mwisho, kwenye kamba, lilikuwa limeanikwa shuka jeupe pee. Shule nzima ililijua shuka lile. Darubini alilifua mwenyewe, akalipiga pasi mwenyewe, na kulianua kabla jua halijalikausha kupita kiasi. Darasa zima likawa linatazama nje.

"Usithubutu kuliangalia," Darubini akasema.

"Siliangalii, mwalimu."

"Unaliangalia."

"Naangalia upepo, mwalimu. Unavyolipeperusha."

Wengine wakaficha vicheko kwenye viganja. Darubini hakucheka. "Shuka lile," akasema, na sauti ikamshuka, "nilipewa na mama yangu siku naondoka nyumbani kuja kazini. Na mama yangu hayupo tena."

Vicheko vikakatika. Sindano, aliyelikata koti la baba yake bila kupepesa, akaona aibu mpaka masikioni. "Basi, mwalimu," akasema. "Nisamehe." Akafungua mlango kweli, akatoka, akaanza kuvuka uwanja na mfuko wake mgongoni, akilia sasa bila kuficha, mwendo wa mtu aendaye kwa shangazi.

Alikuwa hajafika kwenye nguzo ya kengele alipopitwa na mtu anayekimbia. Ni Darubini. Akakimbia moja kwa moja mpaka kwenye kamba, akasimama mbele ya shuka, akaligusa, kisha akalivuta kwa nguvu, vibanio vikaruka. Akarudi nalo kifuani.

"Unakwenda wapi, wewe?" akamfokea Sindano. "Huoni kuna kazi?"

Mchano wa kwanza alitaka kuuanza mwenyewe, lakini hakuweza, vidole vilikataa. Sindano akaukata mwanzo kwa meno, akashika upande mmoja, akampa mwalimu upande wa pili. "Fumba macho, mwalimu," akamwambia. Darubini akafumba. Wakavuta. Shuka likalia kraa, darasa zima likasema aaah.

Baada ya hapo ilikuwa vurugu. Wavulana wanachana, wasichana wanapunguza kwa wembe wa kuchongea kalamu, Kobe kapewa kazi ya kuhesabu na kila akifika katikati anasahau. "Na nyekundu?" mtu akauliza. Wote wakaduwaa. Darubini akafungua mtoto wa meza, akatoa chupa ya wino mwekundu, ule wa kusahihishia, ambao mpaka siku hiyo darasa lile liliujua kwa makosa yao tu. Akaugawa. Kila mtu na rula yake, mistari minne, haraka, haraka.

"Msikunje!" Sindano akawa anapita kati ya madawati, mikono nyuma, amejisahau kabisa kwamba yeye ndiye mkosaji. "Msifute jasho! Na atakayepenga kamasi nitamla nyama!"

Walitoka nje wino haujakauka. Mkaguzi akawapanga, wafupi mbele, na Sindano akaangukia katikati kabisa. "Juu!" Leso zikapanda. Kamera ikalia. Na picha ile, nimeshakwambia, ni nyeusi na nyeupe. Nyekundu yote ile waliyohangaika nayo haionekani hata nukta. Sindano akifika hapa kwenye hadithi hupiga meza kwa hasira za kweli, mikasi inaruka.

Ingekuwa imeishia hapo. Lakini mkaguzi alipofunga kamera yake, chafya ikamrudia, na mkono wake ukaenda kwenye leso iliyokuwa karibu. Ilikuwa ile mpya ya Sindano.

Akapiga chafya, akapenga, akafuta masharubu kwa utulivu, kushoto na kulia. Alipoishusha leso, masharubu yote ya mvi yalikuwa mekundu, na ncha ya pua nayo. "Asante, binti yangu," akasema. Mwalimu mkuu akafungua mdomo, akaufunga. Nani angesema? Na angesema nini? Wakampa mkono wa kwaheri mmoja mmoja, heshima zote, macho chini. Akapanda gari, akawapungia, akaondoka hivyohivyo kwenda kukagua shule nyingine.

Darubini alisimama ameegemea nguzo ya kengele, uso ameulaza kwenye rimu. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Watoto walidhani analia kwa ajili ya shuka, mpaka alipogeuka wakaona machozi ya kicheko yanapita chini ya miwani.

Mchana wanafunzi wakiwa wanafunga mifuko, akamwita Sindano kwenye nguzo ya kengele. Uso ulisharudi kuwa ule wa Jumatatu.

"Asubuhi nilisema nini?"

Sindano alidhani yameisha. "Ulisema nirudi nyumbani, mwalimu."

"Na mimi nikisema kitu?"

"Hubadilishi, mwalimu."

"Basi rudi nyumbani." Akachukua kile kipande cha chuma, akaigonga rimu, na shule nzima ikamwagika nje kwa makelele. "Naona wenzako wote wanarudi. Wewe ulitaka kulala hapa?"

Sindano alikimbia hatua kadhaa, kisha akarudi. "Mwalimu, na shuka?"

"Shuka utanilipa ukiwa na cherehani yako."

Kwa shangazi hakwenda. Alisoma mpaka akamaliza, hesabu zikiwa mbaya vilevile. Ila Darubini alihamishiwa shule ya mbali mwishoni mwa mwaka uleule, na hakuna aliyejua alikoishia. Sindano alipopata cherehani yake, kitu cha kwanza alichoshona kilikuwa shuka, jeupe, pindo jekundu pande zote nne. Akalikunja akaliweka chini kabisa ya sanduku. Miaka ikapita. Watu walitaka kulinunua, akakataa. Kobe aliomba walilalie japo usiku mmoja, siku ya harusi yao wenyewe, akanyimwa.

Mwezi uliopita mteja mmoja, mama wa watoto wawili, akiwa anapimiwa sketi za wanawe, akasema huko kwao kahamia mzee mmoja, mwalimu mstaafu, anakaa kwa binti yake nyuma ya zahanati. "Mzee wa vituko huyo! Macho hayaoni vizuri, lakini kila asubuhi anawasimamisha wajukuu mlangoni anawakagua kucha."

Sindano hakuuliza jina. Alifunika cherehani, akamwacha mteja na utepe wa kupimia kiunoni, akalitoa shuka sandukuni akalitia kwenye begi, akaenda kumtoa Kobe kwenye saa zake.

Walimkuta kwenye kiti, kibarazani. Miwani ilikuwa mizito zaidi na nywele zimekwisha.

"Shikamoo, mwalimu," Sindano akasema, na sauti ikamtoka nyembamba, ya darasa la tano.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Sindano, mwalimu. Na Kobe."

Mzee akajinyoosha kitini. "Mmechelewa," akasema. "Simameni mstari."

Wakasimama, bibi mnene na babu aliyechoka, begi la shuka miguuni. "Kucha!" Akaivuta mikono yao karibu kabisa na miwani, akaipapasa kidole kwa kidole. "Mikono nyuma! Meno!" Sindano akaachama. "Yamepungua," mzee akasema. "Leso!"

Sindano akapeleka mkono mfukoni. Hakuna kitu. Yeye, aliyetia leso kwenye mfuko wa kila mtoto wa mtaa ule, alikuwa ametoka mbio bila yake. Akasimama pale na umri wake wote, akarudisha mikono mgongoni. Na akahisi kitu laini kinaingia kiganjani. Kimekunjwa vizuri, mara nne, nyekundu ndani. Maisha yake yote, hiyo ndiyo siku pekee aliyowahi Kobe.

"Ipo, mwalimu."

Darubini akaichukua, akaikunjua, akapitisha kidole gumba kwenye pindo. "Uzi?"

"Uzi, mwalimu."

"Hauchuji?"

"Hauchuji." Sindano akainama, akafungua begi, akalitandaza shuka magotini pa mzee. Mzee alilishika pindo akalifuata kwa vidole, upande wa kwanza, kona, upande wa pili, mpaka akarudi alikoanzia. Akalivuta mpaka kifuani, akalinusa.

Kisha akamgeukia Kobe kwa sauti kali. "Na wewe! Kucha nimeziona. Mikono nyuma! Meno!"

Kobe akageuza uso juu, akaachama, mikono mgongoni, jasho linamtoka. Leso yake ilikuwa mkononi mwa mwalimu mwenyewe. Sindano akataka kusema kitu, ndipo akaona mkono wa mzee unatoka taratibu pembeni mwa shuka, umeshika leso, unazunguka kiunoni mwa Kobe, unapapasa ukitafuta viganja vyake mgongoni.

"Leso!" Darubini akanguruma.

"Ipo, mwalimu," Kobe akasema, akaitoa.

Mzee akainama kuitazama kama hajawahi kuiona. "Safi," akasema. "Anayefuata."